Karanga za Dada Mbele ya Mashine ya Mwanga

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu wengi walionipita darasani nimewaajiri. Biashara ilipofunguliwa, mtu binafsi akaruhusiwa kununua mazao bila kupitia ushirika, mimi nilikuwa nimeshakaa tayari na baiskeli na mzani. Nilinunua karanga Sepuka, nikanunua Kinampanda, nikawauzia Wahindi wenye maduka pale Singida mjini, mpaka nikajenga ghala langu. Bati zangu, tofali zangu, jasho langu. Kwa hiyo mwaka ule walipoleta mashine inayofikiri kwa mwanga, hawakumkuta mjinga. Walimkuta mtu mwenye shida.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mnunuzi wangu mkubwa wa Dar es Salaam alikuwa anasaga unga wa lishe wa watoto, na mara mbili mfululizo alinirudishia mzigo. Alisema una sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye karanga na mahindi. Ubaya wa sumukuvu ni kwamba haikupi dalili. Karanga unaweza kuiona nzima, ukaitafuna ikawa tamu, kumbe inakula ini lako polepole, na mtoto mdogo ndiye inayemwonea zaidi. Ukikaanga haitoki. Ukichemsha haitoki. Mnunuzi akanipigia simu, akasema bila kuzunguka: mzigo wa tatu ukirudi, tusijuane tena.

Kama ingekuwa mimi peke yangu ningevumilia. Nina alizeti, nina mashine ya kukamua. Lakini nyuma yangu alikuwepo dada yangu mkubwa wa Sepuka na kikundi chake cha akina mama. Mwaka ule waliacha mtama, wakaacha alizeti, wakalima karanga tupu kwa sababu niliwaambia soko lipo. Karanga zao zikikataliwa na mnunuzi yule, hakuna mwingine aliyekuwa anakuja, na ndiyo msimu wao mzima umekwenda. Na dada yangu si mtu wa kumwambia pole yakaisha. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, ananiita "wewe mtoto", na mimi namwamkia nikiwa nimevua kofia.

Mashine ililetwa na watu wa chuo kimoja kwa majaribio. Mnunuzi alikubali hivi: karanga zitakazopitishwa na mashine atazipakia, zitakazokataliwa kila mtu abaki na zake. Aliyekuja kukaa nayo alikuwa binti mhandisi, mtu wa Morogoro, mwembamba, kavaa suruali ya mifuko mingi. Alinisalimu shikamoo kwa kupiga goti kidogo, nikamwambia ingia.

"Hiki ndiyo nini?" nikamuuliza. Maana lilikuwa dude la chuma refu kama mimi, lina mdomo juu wa kumwagia karanga, kamera ubavuni, taa ya zambarau, na chini kuna kiboksi cheusi si kikubwa kuliko redio ya betri.

"Hicho kiboksi ndiyo akili yake, mzee. Akili mnemba. Nimeifundisha kwa picha za karanga nzima na karanga zenye ukungu. Karanga inadondoka, taa ya zambarau inaufanya ukungu usioonekana kwa macho ung'ae, kamera inaipiga picha, akili inaamua, na ile mbovu inapulizwa pembeni kabla haijafika chini."

"Basi sema kompyuta."

"Ni kompyuta, lakini haihesabu kwa umeme kama hizi tulizozoea. Inahesabu kwa mwanga."

Nikamwambia mwanangu, mimi nimeuza mpaka mitumba, usiniuzie maneno. Akacheka. Akaniuliza kama nimewahi kulima vitunguu. Nani wa Singida hajawahi kulima vitunguu? Akachuchumaa, akachora kwenye vumbi kwa kijiti.

"Unafungulia maji kwenye mfereji. Mfereji unagawanyika, kila jaruba lina mlango wake wa udongo. Huu umeufungua wote, huu nusu, huu umeuziba. Maji yakifika mwisho, kila jaruba limepata kiasi chake. Nani amepiga hesabu?"

"Hakuna. Maji yamepita tu."

"Basi ndani ya kile kiboksi kuna mifereji ya mwanga, myembamba kuliko unywele, imechorwa kwenye kipande kidogo mfano wa kioo. Picha ya karanga inaingia ikiwa mwanga, inapita kwenye milango, na ikitokea upande wa pili jibu limeshapatikana. Kule kupita kwenyewe ndiyo hesabu. Ndiyo maana haili umeme mwingi. Kompyuta ya kawaida ya kuamua upesi namna hii ingetaka jenereta lako lote, na ingechemka. Hii inatosheka na sola tulizopandisha juu ya bati."

Hapo nilimwelewa. Wasomi wengi wamenieleza mambo nikatoka kapa, lakini yule nilimwelewa, nikamheshimu.

Jumatano, siku moja kabla ya lori kufika, dada akaja na magunia yao juu ya tela la trekta. Alikuja na mkwe wake, mke wa mwanaye, aliyembeba mtoto mgongoni, na mama mwingine wa kikundi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Mkeo anakupikia au anakutazama tu?" Kisha akaizunguka mashine kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. "Ndiyo hii itakayozikagua karanga zangu?"

"Ndiyo, bibi," binti akajibu.

"Ina macho mazuri kuliko yangu?"

"Ina jicho moja tu, bibi."

"Moja! Basi chongo hilo limeletwa kutuhukumu." Akina mama wakacheka, na binti naye akacheka.

Saa nane mchana tukamwaga gunia la kwanza la dada. Mashine ikaanza kupuliza. Ukiwa karibu unasikia mlio mdogo, ta, ta, kila karanga mbovu inaporushwa pembeni. Siku ile haikuwa ta, ta. Ilikuwa kama mvua juu ya bati. Trei ya mbovu ikajaa, trei ya nzima ikabaki na konzi mbili tatu. Kicheko kikaisha. Nikamwangalia dada, yeye akaangalia trei.

"Zima," nikasema. "Weka zangu."

Tukamwaga za kwangu. Mvua ileile juu ya bati. Mbovu, mbovu, mbovu. Na karanga zile nilizijua mimi, nilizianika mwenyewe, ukizitikisa zinalia kama kokoto. Nikapandwa na hasira.

"Unaona mashine yako? Imelewa hiyo!"

Binti aliweka kiganja juu ya kile kiboksi, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria. Akafungua ubavuni. Kifeni cha kupoozea kilikuwa kimezibwa na vumbi la maganda, kimesimama kabisa, na juu yetu bati lilikuwa linawaka.

"Mzee, ile milango ya mwanga inafunguliwa na kufungwa kwa joto dogo sana, la kupimwa. Joto la nje likizidi, milango inahama mahali pake. Majibu yote ya mchana huu ni ya uongo. Za kwako na za bibi."

Dada akapiga makofi mara moja, pwaa. "Kumbe inaugua homa! Mnaleta mgonjwa apime karanga za watu?"

"Kesho asubuhi, bibi. Nitakisafisha, na asubuhi kuna baridi."

"Na lori linakuja kesho asubuhi," nikasema.

"Nitawahi, mzee."

Nilimwambia awahi kweli, maana mimi sina mahali pa kuficha sura yangu. Dada hakutaka kwenda kulala nyumbani kwangu. Akatandika kanga juu ya magunia yake ghalani, akasema anayataka yakiwa kamili.

Asubuhi palikuwa na ule upepo wetu wa mwezi wa sita unaopita katikati ya sweta. Nilipoamka nilikuwa nimeshapanga. Nikamwambia binti aende jikoni akanywe chai. Alipotoka, mimi na dada tukachanganya mpangilio wa magunia. Yote yalikuwa ya aina moja, ukiyaangalia kwa nje huwezi kujua la nani ni lipi. Tukapanga manne mbele ya mashine, mawili yangu, mawili yake, na tuliojua ni sisi wawili tu.

"Hapo umesema, mtoto," dada akaniambia. "Tuone chongo kama linajua kubahatisha."

Binti akarudi, tukamwambia anza na hili. Lilikuwa langu. Mashine ikalia ta, ikanyamaza, ikalia ta. Karanga nzima zikashuka kama maji. La pili lilikuwa la dada. Mvua ikarudi. Nikahisi mkono wa dada umenishika kwenye mkono wa shati. Binti alikiangalia kiboksi, akaweka kiganja, kilikuwa baridi. La tatu nalo la dada: mvua. La nne langu: kimya, ta, kimya.

"Ya nani ni yapi?" binti akauliza.

Nadhani jibu alilipata usoni petu, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mlibangua vipi karanga hizi?"

"Kwa vidole. Mama yako anabangua kwa meno?"

"Zikiwa kavu?"

"Kavu zitutoboe vidole? Unanyunyizia maji jioni, unafunika turubai, asubuhi ganda limelainika, unabangua huku unapiga hadithi. Ndivyo tunavyofanya."

Ndivyo tunavyofanya kweli. Hakuna nyumba ya Kinyaturu niliyoingia utotoni ambayo haikufanya hivyo. Karanga za kwangu zilipona kwa sababu nilikuwa na kile kibangulio cha chuma cha kuzungusha kwa mkono, kinataka karanga kavu, ukiweka zenye unyevu zinapondeka. Basi. Sikuwa na akili ya kumzidi dada, nilikuwa na kibangulio. Binti akamweleza taratibu kwamba maji yale yakifunikwa usiku kucha ndicho ukungu unachotaka, na magunia yakishonwa baada ya hapo unaendelea kufanya kazi humo ndani.

"Mama yetu alinyunyiza maji," dada akaniambia mimi, hakumtazama binti. "Bibi yetu alinyunyiza maji. Ukala. Ukaota hicho kitambi."

"Mama alibangua za kupika kesho yake, dada. Hakuziweka kwenye gunia mwezi mzima."

Nje honi ikalia. Lori. Dereva alikuwa Mnyiramba, mtu wa maneno, na sisi na wao hatuachi kuchokozana. Akaingia akipiga kelele, "Wanyaturu! Mmenipikia nini, au mnaningoja nile upepo?" Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilimwonyesha kiti. Tukayapitisha magunia mengine yote, yangu yakapita, ya dada yakakataliwa, na wapakiaji wakaanza kubeba yangu.

Dada akanivuta nyuma ya rundo la magunia, ananing'ang'ania mkono.

"Changanya."

"Nini?"

"Zangu changanya na zako. Ziweke katikati. Mashine imeshazipitisha zako, mnunuzi hatapima tena, wewe mwenyewe umesema. Yule mtoto wa Morogoro anakunja waya zake. Nani atajua?"

Alikuwa amesema kweli. Asingejua mtu. Wapakiaji walikuwa wangu, magunia yalikuwa ya aina moja, tulikuwa tumetoka kuthibitisha wenyewe kwamba kwa nje hayajulikani. Nilisimama. Nilimwona dada alivyokuwa akinibeba kupeleka maji kwenye mashamba ya watu ili tupate kula. Niliwaona akina mama wa Sepuka walioacha mtama kwa neno langu. Dereva alikuwa anapiga mluzi.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mzigo huu unakwenda kwenye uji wa watoto, dada."

"Uji! Watoto wangu mimi wamekula nini?" Sauti ikapanda, wapakiaji wakasimama. Akaingiza mkono kwenye trei ya mbovu, akachota konzi nzima, akatia mdomoni. Akatafuna akinitazama machoni. "Haya. Kama ni sumu, nife hapa ghalani kwako, uzike."

Mkwe wake alikuwa amesogea kwa wasiwasi, na yule mtoto mgongoni, akimwona bibi yake anatafuna, akanyoosha mkono kama watoto wote wanavyofanya. Dada bila kufikiri, kwa mazoea tu ya bibi, akachota tena, akampelekea kwenye kiganja.

Nikaupiga ule mkono.

Niliupiga kwa nguvu, kofi la wazi. Karanga zikatawanyika sakafuni. Mtoto akaanza kulia. Mpakiaji mmoja akaliweka gunia chini polepole, kama aliye msibani. Kwetu mdogo hamwinulii mkono mkubwa wake, na hasa dada aliyemlea. Mzee yeyote wa ukoo angesikia angenitoza kondoo, na ningelipa. Lakini sijaomba radhi kwa kofi lile mpaka leo, na sitaomba.

Dada akawa anaushika mkono wake kwa mkono mwingine. Nilidhani atanilaani.

"Kumbe unaamini kweli," akasema.

"Naamini."

"Hicho kitaa cha zambarau."

"Nimekijaribu mbele yako, dada. Wewe mwenyewe umepanga magunia."

Akatema alichokuwa anatafuna, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akageuka kwa binti, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu.

"Mwanangu. Zilizobaki nyumbani bado ziko kwenye maganda. Kama nusu hivi. Hatujazinyunyizia maji. Hizo nazo zimekufa?"

Binti akasema hawezi kuapa. Karanga ikiwa kwenye ganda kavu ina nafasi nzuri, lakini mpaka zipite kwenye mashine.

"Na wewe mpiga mluzi, unarudi lini?"

Dereva akasimama wima kama mwanafunzi. "Nakwenda Kinampanda kujazia, mama. Jumamosi napita hapa hapa kuelekea Dar."

"Saa ngapi?"

"Mchana..."

"Mchana mashine inaugua. Utapita asubuhi."

"Mama, mimi nina ratiba..."

"Asubuhi, Mnyiramba!"

"Asubuhi, mama."

Hakuniomba kibangulio changu. Aliwaambia wapakiaji wangu wakipandishe kwenye tela, na wao wakanitazama, nami nikawapa ishara ya kichwa. Akapanda, akakaa karibu nacho, mkono mmoja ameuweka juu ya mpini wake. Magunia yake yaliyokataliwa yakabaki ghalani. Trekta lilipowaka nikasogea, nikavua kofia, nikasubiri aseme neno.

"Hizo usikamulie mafuta, wala usimpe mtu mashudu yake," akasema. "Chimba shimo refu. Kuku wasifukue."

Nilichimba. Wapakiaji walichimba, mimi nikachimba. Ardhi ya mwezi wa sita huku kwetu ni kama kuchimba tofali. Nilipokuwa nafunga turubai juu ya magunia ya mwisho kabla ya kuyafukia, nilifikiria vidole vya wale akina mama, hadithi zao, jioni zao, na nikamwambia mpakiaji aharakishe, maana sikutaka kusimama pale zaidi.

Jumamosi walifika kabla ya jua kupanda. Walikuwa hawajalala, vumbi la maganda limewajaa mpaka kwenye kope, na viganja vya yule mkwe vilikuwa vimetoka malengelenge kwa kuzungusha mpini. Lori lilikuwa limeshasimama getini, dereva kanyamaza safari hii. Binti alikuwa amekisafisha kifeni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila nikipita namkuta na brashi.

Gunia la kwanza likamwagwa. Wale akina mama walijipanga ukutani. Dada hakuitazama mashine kabisa. Alisimama mbele yangu, akaniangalia mimi usoni, kama anayetaka kulisoma jibu kwangu kabla halijatoka kule.

Ta. Kimya. Ta. Kimya kirefu.

"Zinapita, bibi," binti akasema.

Dada akaendelea kunitazama. "Kidogo tu zinarushwa?"

"Kidogo tu, dada."

"Kama zako?"

"Pungufu ya zangu."

Hapo ndipo akageuka, akainama juu ya trei, akachota karanga moja tu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, asitie mdomoni. Akairudisha.

"Pakieni," akawaambia wapakiaji wangu. "Mnangoja nini? Na anayelala hapo ukutani aje ashike gunia."